Mrithi wa Mshipi na Mwana wa Kisu

Jinja na Mbale zina baba wa kambo mmoja. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyetamani ufalme, Waingereza wakampa kazi. Aliingia mashariki ya Uganda na askari wake mwishoni mwa karne ya 19, akajenga boma Budaka, na mwaka 1902 akahamia chini ya jabali la Wanale, palipo Mbale leo. Akapima barabara, akapanda miti, akawagawia Waganda wenzake vyeo juu ya watu ambao hawakuwahi kuwa na chifu. Mwaka 1906 akahamishiwa Busoga kuwa rais wa baraza la machifu, makao Jinja. Alikaa huko hadi 1913, kisha akarudi Mbale.

Mimi nami ni wa barabara hiyo hiyo. Baba yangu alikuwa Mgisu wa chini ya Wanale, mama yangu Msoga wa upande wa Iganga, na nimezaliwa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa Jinja, ambako tulisemeshana Kiswahili asubuhi hadi usiku. Mtu akikuamkua ghafla kwa lugha ya kwenu, ulijua ama kuna msiba ama anataka kukopa. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kote nilikopita nimeulizwa swali lile lile: wewe ni wa nani? Msoga akiuliza hivyo anangoja jina la ukoo. Mgisu anangoja jina la baba na la kilima, na kama unayeulizwa ni mwanamume, atataka pia kujua ulitahiriwa mwaka gani.

Nianze kwa mama. Koo za Wasoga zimepita 200, na nyingi hujulikana kwa jina la babu wa mwanzo: Baise Ngobi, Baise Igaga, Baise Menha, na kuendelea. Kila ukoo una mwiko wake, mnyama au kitu kingine ambacho wana ukoo hawakili. Huoi katika ukoo wa baba yako, wala katika ukoo wa mama yako. Mama alikuwa wa Baise Igaga. Aliolewa na Mgisu, akazaa Wagisu, akalima kahawa ya Wagisu kila likizo, na akafa akiwa Mwise Igaga. Ndoa haikumhamisha. Sisi watoto wake ndio hatukuwa wa Igaga, na alitukumbusha hilo kila tulipomwudhi.

Juu ya koo za kawaida walikuwepo watawala. Wazee wa Busoga ya kaskazini humtaja Mukama, mwindaji aliyepita akitoka mashariki, pande za Mlima Elgon, akielekea Bunyoro, na kila alipopumzika akaacha mtoto wa kiume. Ndipo zikatoka enzi tano zinazohesabiwa hadi leo kuwa za damu yake: Bulamogi ya Zibondo, Bugabula ya Gabula, Kigulu ya Ngobi, Luuka ya Tabingwa na Bukono ya Nkono. Kusini, kando ya ziwa, koo nyingi humtaja Kintu badala yake. Mwanahistoria David William Cohen alikusanya masimulizi ya pande zote mbili kutoka kwa wazee wa koo, na mwaka 1972 akachapisha kitabu juu ya Mukama na Kintu. Baba alikuwa akicheka sana akisikia habari za Mukama. "Kwa hiyo wafalme wenu walitoka mlimani kwetu," alimwambia mama, "mahali ambapo hapajawahi kuwa na mfalme hata mmoja!" Mama hakuwa na haraka. "Ndiyo maana aliondoka," alijibu.

Mtawala wa Busoga alimwogopa ndugu yake kuliko mgeni. Nduguye wa baba mmoja ana damu ile ile na madai yale yale ya kiti, kwa hiyo vijiji vingi mtawala aliwapa watu wa koo nyingine waliomtumikia vizuri, ambao hawakuwa na namna ya kumpindua kwa jina la ukoo. Lloyd Fallers, Mmarekani aliyeishi Busoga mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndiye aliyeeleza jambo hilo vizuri kuliko wote katika kitabu chake cha 1956. Alionyesha pia mateso ya chifu wa zama zake. Serikali ilimtaka atoze kodi na kuhukumu kwa kanuni bila kumtazama mtu usoni, na wakati huo huo barazani mwake wameketi wajomba, mashemeji na wana wa baba wadogo, kila mmoja akiamini kwamba amekuja nyumbani. Niliwahi kumsimulia habari hiyo mwalimu mkuu mmoja wa Iganga. Alisema Fallers alikuwa akiandika habari za ofisi yake.

Kwa baba mambo yalikuwa mengine kabisa. Wagisu walijipanga kwa ukoo wa baba, tawi juu ya tawi, kila tawi na mteremko wake wa mlima. Walikuwepo watu wakubwa, ndiyo: mwenye ng'ombe, mwenye shamba pana, mzee anayejua kusema mpaka ugomvi ukaisha, mtu ambaye chungu chake cha malwa, pombe ya wimbi, hakikauki na mirija haitoki vinywani mwa wageni wake. Lakini ukubwa huo ulikuwa wake mwenyewe. Alipokufa ulikufa naye, na mwanawe akaanza upya.

Mlango wa kuingia katika utu uzima ni mmoja, nao ni imbalu. Wagisu hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kazi ikipamba moto mwezi Agosti, na siku hizi msimu hufunguliwa rasmi Mutoto, nje kidogo ya Mbale. Wazee husema Masaba, babu wa wote, alimtaka Nabarwa, msichana wa Kikalenjin wa upande wa pili wa mlima, naye akamwambia hataolewa na mwanamume asiyekatwa. Asiyetahiriwa huitwa musinde hata akiwa na mvi. Musinde hapewi shamba na haingizi mrija wake katika chungu cha wanaume. Husemwa kwamba akifa hivyo, kisu humfuata kabla ya kaburi.

Kaka yangu alitahiriwa Agosti 1974. Alikuwa mtoto wa Walukuba, anayejua kuogelea Nile na kupanda lori la miwa la Kakira likiwa linakwenda, na Kigisu chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Baba alimpeleka mlimani wiki kadhaa mapema. Ilibidi azunguke kwa jamaa wote na njuga mapajani, ngoma za kadodi nyuma yake, akipakwa unga na machicha ya malwa mpaka asitambulike, kila nyumba ikimtolea kitu na neno la kumtia moyo au la kumtisha. Mimi na binamu zangu wa kike tulicheza naye, tukabeba zawadi zake, tukasaga wimbi la pombe mpaka viganja vikachubuka. Msichana hana kisu chake. Kazi yake ni kumsindikiza mwanamume hadi kwenye kisu cha mwanamume, halafu arudi jikoni. Nililiona hilo tangu wakati ule na sikulipenda, na leo bado silipendi.

Nyumba ambayo haikwepeki katika mzunguko huo ni ya mjomba. Ndugu wa mama lazima atoe mnyama na baraka. Asipotoa, kijana husimama mbele ya kisu akiwa na deni. Sasa mjomba wetu alikuwa Msoga, Mprotestanti wa kanisani, na Wasoga kwa mila yao hawatahiri. Wanaotahiriwa ni Waislamu. Hakuna aliyetegemea aje. Alikuja kwa basi kutoka Iganga, na beberu na jogoo, akiwa amevaa koti zito katika jua lile na kufunga vifungo vyote. Katika msimu wa imbalu vijana wa mlimani hulewa sifa, na kila mwanamume mgeni hutazamwa chini ya kiuno. Mjomba aliketi karibu na mlango wa jikoni, pamoja na wanawake, beberu amefungwa mguuni pa kiti chake, na kila ngoma iliposogea alisogeza kiti ndani kidogo. Lakini hakuondoka. Saa ilipofika alisimama, akamshika kaka kichwani, akamnong'oneza kwa Kisoga maneno ambayo wazee wote wa Kigisu waliinamisha vichwa kuyasikiliza bila kuyaelewa.

Asubuhi walimtoa kinamasini, ametiwa tope la ukoo, wakamleta mbio hadi uwanja wa nyumba ya babu. Alisimama juu ya gunia, ameshika fimbo iliyopita nyuma ya shingo, macho mbele. Mtahiri alichuchumaa. Watu hawakutazama kisu. Walitazama magoti na kope. Kijana akipepesa au akitetema, ukoo mzima umetetema, na itasimuliwa hadi kwa wajukuu. Sikuhesabu muda, ila najua kuku aliyekuwa akivuka uwanja hakuwa amefika upande wa pili filimbi ilipolia. Vigelegele vikapasuka. Kaka akakalishwa kwenye kigoda, akafungwa shuka, na noti zikaanza kuanguka miguuni pake. Baadaye mtahiri alirudi kumnawisha mikono, maana mpaka hapo hakuruhusiwa kugusa chakula kwa mkono wake, akamwambia mambo ya kiume: jembe ni la kulima, panga ni la shambani, moto ni wa kupikia na si wa kuchomea nyumba ya mwenzio.

Kisha yakaja yale ambayo ngoma huyafunika. Mwana aliyetahiriwa ana haki kwa baba yake ya ardhi na ya msaada wa mahari, na baba hawezi tena kumwita mtoto. Babu alimwonyesha kaka kipande, kutoka migomba ya chini hadi kijito, na mistari kadhaa ya mibuni. Baba alinyamaza, kwa sababu kipande hicho kilikatwa katika fungu lake. Mlima ule umejaa watu. Kahawa ya arabika iliipandisha bei kila hatua ya udongo, na kilipoanzishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu mwaka 1954 mteremko ulikuwa mali, si shamba tu. Mzee mwenye wana watano hukata shamba mara tano, akabaki na uwanja wa kuanikia. Jean La Fontaine, aliyeishi na Wagisu miaka hiyo na kuandika kitabu juu yao mwaka 1959, aliona jinsi baba na mwana wanavyogeuka washindani siku ile ile wanayopaswa kufurahiana. Mwaka 1960 kilitoka kitabu cha Paul Bohannan kuhusu mauaji na kujiua Afrika, ndani yake La Fontaine akiandika juu ya Wagisu na Fallers na mkewe juu ya Wasoga. Pande zangu zote mbili zimo katika jalada moja, na sijui kama nijivune. Nilikisoma kwa taabu, kwa sababu nilikuwa nikiwatambua watu. Ugomvi wa baba na mwana juu ya mibuni niliujua kwa sauti kabla sijaujua kwa maandishi.

Hata Kakungulu hakuponea mdomo wa Wagisu. Baba alisema mlima ulitawaliwa miaka yote ile na musinde mwenye bunduki. Kakungulu alipozeeka aligombana na Waingereza na kanisa lao, akajiunga na Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, na kwa kusoma Agano la Kale akafika kwenye agano la Ibrahimu. Mwaka 1919 alijitahiri, akawatahiri na wanawe, akajitangaza Myahudi. Wafuasi wake, Abayudaya, wapo mpaka leo, na sinagogi lao liko kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale. Alifariki Novemba 1928. Kwa hesabu ya baba, alichelewa tu, na hakucheza ngoma.

Vyeo alivyopanda, hata hivyo, vilishika mizizi, na hapa ndipo ninapobishana na vijana wanaoniambia kwamba Kyabazinga ametawala Busoga tangu enzi na enzi. Kabla ya Waingereza zilikuwepo enzi nyingi za Busoga, kila moja na mtawala wake, zikipigana na kuoana. Baraza moja la Busoga lilizaliwa kwa mahitaji ya utawala wao, na mkuu wake wa kwanza alikuwa huyo Muganda. Mwaka 1919 kiti cha rais kikapewa Ezekiel Tenywa Wako, Zibondo wa Bulamogi, na mwaka 1939 akawa Kyabazinga wa kwanza. Mwaka 1949 akafuata William Wilberforce Nadiope, Gabula wa Bugabula. Aliyechaguliwa lazima atoke katika zile nyumba tano za Mukama, na wanaochagua ni machifu. Kura ilitoka ofisini, damu ikatoka kwa Mukama, na zikafungwa pamoja kwa ustadi ambao mimi, pamoja na kejeli zangu, nauheshimu. Wasoga walihitaji mtu mmoja wa kusimama karibu na Kabaka wa Buganda na kuonekana.

Shule nayo ilifanya kazi yake. Mwaka 1911 wamisionari walifungua Kamuli shule ya wana wa watawala, iliyoitwa Balangira High School, ambayo baadaye ilihamia kilima cha Mwiri, kilomita chache kutoka Jinja, ikawa Busoga College. Ilikusudiwa kumlea mwana wa chifu awe chifu aliyesoma. Lakini shule ina ubaya wake: ukishafungua mlango, huwezi kumchagua kila anayeingia. Miaka ya 1940 alisoma hapo kijana kutoka Lango aitwaye Milton Obote. Alipokuwa rais, katiba yake ya 1967 ilifuta falme zote za Uganda, na kiti cha Kyabazinga kikaenda nazo. Bugisu, ambayo ilitengwa na Bukedi kuwa wilaya yake mwaka 1954 na kugombania mji wa Mbale kwa hasira kubwa kabla ya uhuru, ilikuwa imejitengenezea nayo mkuu wa heshima, Umuinga, ili isionekane mnyonge mbele za wenye wafalme. Naye akaondoka.

Walirudi wote katika zama za Museveni. Henry Wako Muloki, mwana wa Zibondo yule, alitawazwa Februari 1995, na alipofariki Septemba 2008 nyumba zikagawanyika kati ya mwanawe, Edward Wambuzi, na William Gabula Nadiope, mjukuu wa yule Nadiope wa 1949. Ilichukua miaka sita hadi Gabula akatawazwa mwaka 2014 huko Bugembe. Mbale nayo ina Inzu ya Masaaba na mkuu anayeitwa Umukuuka, wa kwanza akiwa Wilson Wamimbi, kwa mapatano kwamba kiti kizunguke kati ya nyumba za wana wa Masaba. Kiti hicho pia kimegombaniwa. Baba angekuwa hai angesema kwamba kwa kugombania kiti, Wagisu sasa wamestaarabika.

Walukuba ilikuwa na vyeo vyake, na hakuna ukoo uliovitambua. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, kiwanda cha nguo cha Nytil kikaanza miaka hiyo hiyo, na watu wakamiminika kutoka kila upande: Wajaluo, Wasamia, Waiteso, Wagisu, Wanubi waliokuwa wamezeeka na Kiswahili chao tangu zama za jeshi. Cyril na Rhona Sofer waliuchunguza mji huo wakati ule ule bwawa likijengwa, wakaandika kitabu kilichotoka mwaka 1955. Ukubwa wa mtu ulikuwa idadi ya vyumba alivyopewa na kama bomba la maji liko mbali au karibu. Msimamizi wa zamu aliheshimiwa kuliko mwana wa chifu, kwa sababu mwana wa chifu hawezi kukufuta kazi. Baba alikuwa fundi wa mashine za kufuma, na kwa jirani zetu hiyo ilitosha kuwa kabila. Ila mtu alipokufa, Walukuba iliyeyuka. Chama cha kuzikana cha watu wa kwao kilipitisha daftari, lori likakodiwa, na maiti akapelekwa kwao. Sikuwahi kuona Mgisu wa umri wa baba akizikwa Jinja kwa hiari ya jamaa zake.

Kaburi lina kazi nyingine upande wa mama: ni hati. Ukitaka kujua shamba ni la nani huko Busoga, huonyeshwi karatasi, unaonyeshwa waliolala chini ya migomba. Ndiyo maana ugonjwa wa malale ulikuwa zaidi ya maradhi. Ulipozuka mwanzoni mwa karne ya 20 uliua zaidi ya watu 200,000 katika Uganda, na pwani ya ziwa ya Busoga iliumia vibaya sana. Kisha serikali ya Gavana Hesketh Bell ikawahamisha waliobaki, ufuo mzima ukawa msitu. Koo za kusini ziliacha makaburi nyuma, na waliporudi wajukuu zao miongo mingi baadaye, walikuta miti imeota juu ya ushahidi wao. Jamaa za mama wenye asili ya kusini hutaja bado majina ya vijiji ambavyo hakuna anayeweza kuvionyesha kwa kidole.

Mjomba alifariki miaka michache kabla ya korona. Kaka alitangulia kwa jembe kaburini, kwa kuwa wapwa, baiwa kama wanavyoitwa huko, wana kazi za msibani ambazo ukoo wenyewe hauzigusi, na baada ya kazi alidai kuku wake kwa sauti kubwa kama haki, watu wakacheka, ilivyo desturi. Mpwa hana fungu katika ukoo wa mama, ila ana ruhusa ya kunyakua. Nimesoma habari za Wakwaio wa kisiwa cha Malaita, katika Visiwa vya Solomon, ambao Roger Keesing aliishi nao tangu miaka ya 1960. Huko mtu anaweza kudai ardhi na mababu wa kuwatolea sadaka ya nguruwe kwa njia ya mama pia, ingawa wa upande wa baba ndio wenye sauti ya kwanza. Nilimsomea kaka. Akasema angekuwa Mkwaio, angekuwa na shamba Iganga na shamba Mbale, na nguruwe hawamtishi.

Siku ya olumbe, sherehe ya kuhitimisha msiba, ukoo uliketi chini ya mfenesi kuchagua warithi. Wasoga humpa marehemu warithi wawili, na Fallers alishayaandika hayo: mmoja huchukua mali, kwa kawaida mwana, mwingine, anayeitwa wa mshipi, huvaa nafasi ya marehemu mwenyewe, na huchukuliwa katika kizazi chake, ndugu au mwana wa baba mdogo. Wa mali alijulikana tangu mwanzo. Wa mshipi aliwachelewesha hadi jua likapinduka. Ndugu za mjomba waliobaki walikuwa wazee, wagonjwa, au wadeni. Mwishoni walimtaja kijana mmoja, mtoto wa uzeeni wa baba yao mdogo wa mwisho, mwendesha bodaboda pale Bugembe. Alikuwa amesimama nyuma akijibu simu ya abiria.

Walimkalisha kwenye mkeka na dada mmoja wa ukoo kando yake, wakamfunga lubugo, nguo ya gome la mti, juu ya jezi ya mpira iliyobaki ikichungulia shingoni, wakampa mkuki. Mkuki ulikuwa mrefu kumzidi, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka mpaka ncha ikawa inachora hewani. Kisha wakaanza kuja mmoja mmoja kumsalimia. Binti wa kwanza wa mjomba, bibi mwenye wajukuu, alipiga magoti akamwita baba. Hakuna aliyecheka. Nami nikapiga magoti, nikamwita mjomba.

Sheria ya nchi inamjua mtu huyu, na imempimia. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iligawa mali ya asiyeacha wosia hivi: watoto asilimia 75, mke au mume 15, wategemezi wengine 9, na mrithi wa kimila asilimia 1. Marekebisho ya 2022 yalimpandisha mwenza hadi 20 na kuwashusha wategemezi hadi 4. Yule wa kimila alibaki na 1 yake. Katika kiwanja cha mjomba, asilimia 1 haitoshi kuegesha pikipiki. Mrithi wa mali alishauza nusu ya eneo akajenga vyumba vya kupanga, na hakuna anayemtafuta ila wapangaji wake. Wa mshipi ndiye anayepigiwa simu mtoto akiugua, ada zikikosekana, mume akimpiga mke, na amezunguka kwenye misiba mingi kuliko kasisi.

Mwaka jana alinipigia yeye. Binti wa mwisho wa mjomba alikuwa ameposwa, wakwe wanakuja Jumamosi, na yeye kama baba ndiye atakayeketi kupokea mahari. Aliniagiza nifike mapema na kaka, kwa sababu bila wapwa shughuli haina heshima, na nisije mikono mitupu. Aliniita mwanangu. Nimemzidi umri kwa zaidi ya miaka 30. "Naam, mjomba," nikamjibu, "sukari kilo ngapi?"